Wifi Yangu Chujio na Kisanduku cha Ghala la Dawa

Watu wamesema wifi yangu alifuta ushahidi. Wamesema sokoni, wamesema saluni, na mmoja alikuja kulisema sebuleni kwangu huku anakunywa chai yangu. Mimi ndiye niliyeishi naye nyumba moja wakati wa mambo yale, na nilimchunguza kuliko kamati yoyote ilivyomchunguza, kwa hiyo nitaeleza mimi. Jina tunalotumia wote ni la marehemu mume wangu, na huyu ni mdogo wake wa tumbo moja. Likichafuka kwake limechafuka kwetu sote.

Wifi alihamia kwetu mama mkwe alipofariki, yeye akiwa bado sekondari. Alikuja na begi moja. Nilidhani mizigo mingine inafuata nyuma, nikamwachia kabati zima, na kabati likabaki tupu. Ni mtu asiyeweka vitu. Akisoma barua anaichana, akimaliza mtihani anagawa madaftari. Kaka yake akiwa kazini alikuwa anamwachia maagizo asikilize mpira redioni, na akirudi anamwuliza, "Ikawaje?"

"Tumeshinda."

"Nani kafunga?"

"Hukuniambia nishike hilo, kaka. Ulisema nikuambie kama tumeshinda."

Marehemu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mimi sikucheka. Nimesomea ualimu, nimefundisha historia, na vyeti vyangu na vya marehemu viko kwenye bahasha, kila kimoja mahali pake. Mtu asiyeweka kitu hunipa mashaka. Siku zote najiuliza anakwepa kuulizwa nini.

Alisoma kompyuta chuo kikuu, akafaulu vizuri, akaajiriwa kwenye ghala la dawa linalohudumia hospitali za upande wetu. Ghala lina vyumba vya baridi vilivyopangana kwenye ukumbi mrefu, na ndani ya kila chumba kuna vipima joto vilivyofungwa kwenye rafu. Vipima joto hivyo havinyamazi. Usiku na mchana vinatuma taarifa kwenye kisanduku kilichotundikwa ukutani, kidogo kama redio ya jikoni. Wifi ndiye aliyekiandikia programu.

Nilimsikia akikieleza mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukifundisha darasani. Taarifa zinakuja kwa vifurushi. Kifurushi kinafunguka, kinataja chumba na mlango wake, wazi au umefungwa. Ndani ya chumba kinataja rafu. Ndani ya rafu kinataja joto. Kisha kinafungwa, na kingine kinaanza kabla hujavuta pumzi. Kisanduku hakina nafasi ya kuweka yote hayo. Kumbukumbu yake ni finyu mno, kingejaribu kutunza kila kinachopita kingejaa kabla watu hawajanywa chai ya asubuhi. Kwa hiyo swali linaandikwa mapema, na taarifa zinapita mbele ya swali. Swali lenyewe lilikuwa fupi: kuna chumba ambacho joto limepanda huku mlango umefungwa? Maana mlango ukiwa wazi watu wanapakua mizigo, na joto kupanda kidogo ni jambo la kawaida. Mlango ukiwa umefungwa na joto linapanda, basi mashine ya baridi inakata roho. Kisanduku kinasoma kila kifurushi mara moja tu, kinapopita, hakirudi nyuma. Kinashika kile ambacho swali linakihitaji, kikishajua jibu kinaachia. Jibu likiwa ndiyo, king'ora kinalia ghala zima.

Wenzake kazini wakambandika jina la Chujio. Alilipenda. Mimi sikulipenda, lakini si mimi niliyeitwa.

Asubuhi moja mtunza ghala alifungua chumba cha mwisho akakutana na joto kama la jikoni. Mashine ya baridi ilikuwa imezimika. Vibandiko vidogo vilivyo kwenye chupa za chanjo, vile vinavyobadilika rangi dawa ikipata joto, vilikuwa vyeusi tii. Chanjo zote za chumba kile zikawa takataka. Mlango ulikuwa umefungwa tangu jioni iliyotangulia, na king'ora hakikulia.

Wakuu wakaunda kamati, na kamati ikaomba vipimo vya joto vya usiku ule. Hakukuwa na hata kimoja. Meneja wa ghala akasimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Vilikuwepo. Vimefutwa. Na neno la siri la kile kisanduku analo mtu mmoja tu." Wifi akasimamishwa kazi siku hiyohiyo, akarudi nyumbani na mkoba wake begani kama mtu aliyetoka dukani.

"Wifi, umefuta?" nilimwuliza tukiwa mezani.

"Hakukuwa na cha kufuta."

"Kila kompyuta inatunza."

"Hii haitunzi."

"Sasa ina faida gani?"

"Inajibu."

"Mbona siku hiyo haikujibu?"

Hapo akaanza kukusanya vyombo ambavyo bado tulikuwa tunavilia. Nami nikajua kuna kitu.

Kuanzia hapo sikumwachia nafasi. Simu yake ikilia anatoka kwenda kibarazani na kuvuta mlango. Nikipita karibu na dirisha anashusha sauti. Anayempigia ni mwanamume, hilo nilisikia, na nikaanza kupanga mambo kichwani: kuna mtu wa ghala aliyezima mashine kwa uzembe, wifi yangu anampenda, amemfichia. Nilimpanga hata sura huyo mtu. Mashemeji nao wakaanza kunipigia. Mkubwa wao aliniambia, "Shemeji, huyo umemlea wewe," kama vile mimi ndiye niliyemfundisha kompyuta.

Kisha nikapata nilichokuwa nakitafuta. Niliingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua, nikakuta kapu, na chini ya nguo kuna mtandio umeviringishwa kwa ugumu usio wa mtandio. Nikaufungua. Ndani yake kulikuwa na kipima joto, kikubwa kama kidole gumba, nyaya zake zimekatwa, na mgongoni kimegongwa muhuri wa ghala la dawa.

Nilikibeba mpaka sebuleni na kukiweka mezani mbele yake.

"Mali ya ghala inafanya nini ndani ya mtandio?"

"Wifi, umeingia chumbani kwangu?"

"Nimeingia chumba cha nyumba yangu. Jibu."

"Nimekiokota kwenye takataka zao, siku waliyonisimamisha."

"Watu wazima hawaokoti takataka na kuziviringisha kwa mtandio."

"Ningekiviringisha kwa gazeti ungekiacha?" Akakaa chini, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Haya. Niletee lile kapu la nguo na mifuko miwili."

Alichonionyesha nitakieleza kama alivyokionyesha, kwa sababu ndicho kiini cha mambo yote. Alizigawa nguo kwenye mifuko miwili. Kwenye mfuko wa kwanza aliweka kitambaa cha buluu juu kabisa. Kwenye wa pili alikificha kitambaa cha buluu chini kabisa.

"Swali langu ni hili," akasema. "Mfuko wenye kitambaa cha buluu, je, una shati jeupe? Toa nguo moja moja, iangalie, irudishe kapuni. Mezani hakuna nafasi ya kuweka nguo."

Mfuko wa kwanza ulikuwa mchezo wa watoto. Kitambaa kikatoka kwanza, nikajua huu ndio wenyewe, nikasubiri shati jeupe, likaja, nikasema ndiyo. Mfuko wa pili ukanikwamisha. Shati jeupe lilitoka mapema, lakini sikujua kama mfuko una kitambaa cha buluu. Nikalirudisha kapuni. Kitambaa kikaja mwishoni, shati likiwa limeshakwenda.

"Si haki," nikasema. "Ungeniambia kitambaa kinakuja mwisho ningelishika."

"Ungeshika nguo zote?"

"Nishike zote za nini? Ningekumbuka tu kwamba shati jeupe nimeliona, nguo zenyewe ziende."

"Basi, wifi, umeshajifunza kazi yangu. Wasije wakakuajiri wewe." Akakichukua kipima joto. "Vipima joto hivi vya zamani vilianza kifurushi kwa alama ya mlango, wazi au umefungwa, kisha joto likafuata. Nikiwa likizo walivitoa, wakafunga vipya. Vipya vinataja joto la rafu zote kwanza, na alama ya mlango inakuja mwishoni. Aliyenieleza ni fundi aliyevifunga, ndiye anayenipigia. Kisanduku changu kinaona joto, hakioni alama, kinaachia. Alama ikija, hakuna tena kilichoshikwa."

Kwa hiyo mwanamume wa kibarazani alikuwa fundi. Sikumwamini moja kwa moja. Nikamwuliza swali ambalo mwanafunzi wangu yeyote angeulizwa.

"Kisipoona alama, kwa nini kinaachia? Kwa nini kisipige kelele?"

Akakiangalia kipima joto badala ya kuniangalia mimi.

"Kwa sababu niliandika hivyo. Alama isipoonekana, chukulia mlango uko wazi. Zamani alama ilikuwa ikipotea mara mojamoja wakati wa kupakua, king'ora kinalia bure, wapakuaji wananitukana. Nikaona nikiweka hivyo kutakuwa na amani."

"Hilo la mwisho," nikamwambia, "halitoki humu ndani. Umesikia? Waambie vipima joto vilibadilishwa. Ukiulizwa zaidi, jibu ulichoulizwa na ufunge mdomo. Kaka yako hakufa ili watu waje kusema mdogo wake kaua chanjo za watoto kwa kutafuta amani."

Alikusanya nguo na kwenda kufua.

Kamati ilikuwa bado haijakaa pale meneja wa ghala alipokuja kwangu, alasiri, bila kupiga simu. Viatu vinang'aa, sauti ya asali. Wifi alikuwa ametoka, na nadhani meneja alijua ametoka. Nilimkaribisha chai. Alishika kikombe, hakukileta mdomoni.

"Mama, nimekuja kama mwanao," akasema. "Sipendi kuona familia yenye heshima kama hii inaanikwa. Mdogo wenu akiandika barua ya kuacha kazi kabla ya kikao, kamati haitakuwa na wa kumhoji. Mambo yataishia hapa nyumbani."

"Na huko mbele ataajiriwa na nani?"

"Nitampa barua nzuri mimi mwenyewe. Kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, ghala litamkosa."

Sikatai, maneno yale yalinigusa mahali penyewe. Kuishia nyumbani ndiko nilikokuwa nakuombea. Nikajiona nikimwambia shemeji mkubwa kwamba binti ameamua tu kutafuta kazi nyingine. Lakini neno moja lilikataa kumezwa.

"Mwaminifu?"

"Mwaminifu kabisa, mama."

"Juzi ulisimama mbele ya watu ukasema amefuta ushahidi. Leo unataka kumwandikia kwamba ni mwaminifu, na utie sahihi. Sasa, mwanangu, ni lini ulisema uongo, juzi au leo?"

Akakirudisha kikombe mezani taratibu. Akasema mimi mama nina maneno, akacheka peke yake, akaangalia mlango. Alipokuwa anavaa viatu alisema tena, bila kuangalia juu, kwamba barua iandikwe kabla ya kikao, baada ya hapo hataweza kusaidia. Nilimtazama dirishani mpaka alipopinda kona. Mtu anayejua umeiba hakupi sifa, anakukimbiza. Huyu alikuwa anamwondoa wifi yangu kwenye chumba ambamo kuna kitu cha kuonekana.

Wifi aliporudi nilimwambia yote. "Barua huandiki," nikasema. "Na kikaoni tunakwenda wote."

Taratibu za kazi zilimruhusu mtuhumiwa kwenda na mtu wake. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mfamasia mmoja, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyeonekana hataki salamu ndefu. Meneja alirudia maneno yake: vipimo vilikuwepo, vimefutwa, neno la siri analo mmoja. Nilikuwa nimekaa mahali ninapoona mikono yake. Ilikuwa inakunja na kukunjua karatasi.

"Wewe unasemaje?" mfamasia akamwuliza wifi.

"Nasema tusibishane habari za jana, mama. Tujaribu sasa hivi. Chagueni chumba kitupu, mfunge mlango, mzime mashine ya baridi. Joto litapanda mbele yenu. Mimi nisiguse kitu."

Meneja akasema huo ni upotevu wa muda. Mfamasia akasema muda ni wake yeye, akatoka nje ya kikao, nasi nyuma yake kama wanafunzi.

Chumba kilifungwa, mashine ikazimwa. Tulisimama ukumbini, kamati nzima, mtunza ghala, meneja, na mimi na mkoba wangu kifuani. Mfamasia alikuwa ameshika kipima joto chake cha mkono na kukipitisha ndani mara kwa mara kwenye tundu la waya. Joto likapanda, likapita kiwango. Kisanduku ukutani kikaendelea kuwasha taa yake ya kijani kama mtu anayesinzia. Hakikulia.

Kisha wifi akaomba fundi aitwe. Fundi akaja na koleo lake, akatoa kipima joto kipya na kukifunga kile cha kwenye mtandio, akaunga nyaya, akatoka na kufunga mlango. Hatukusubiri hata kidogo. King'ora kilipiga kelele mpaka mtunza ghala akaziba masikio, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko nilivyofurahi harusini kwangu.

"Kwa hiyo hakuna aliyefuta," mfamasia akasema kelele zilipokoma. "Hakikulia kwa sababu hakikuona. Fundi, ulipofunga vipya ulijua vina mpangilio tofauti?"

Fundi akamtazama meneja, kisha akaangalia koleo lake. "Niliona kwenye maelezo yake, mama. Nikamwambia bosi kisanduku kikaguliwe kwanza kabla hatujaondoka kwenye vile vya zamani. Akasema tutaangalia baadaye, nimalize kazi, na nisimsumbue mtu aliye likizo."

Meneja akaanza, "Nilimwambia kwa mdomo aliporudi..."

"Uliniambia vipima joto ni vipya," wifi akasema. "Nikasema hongera."

Mtunza ghala akakohoa ili asicheke. Mambo yalikuwa yametunyookea. Nilikuwa tayari naona tunatoka pale vichwa juu, nikaanza hata kufunga zipu ya mkoba. Ndipo mfamasia alipomgeukia wifi.

"Jambo moja sijalielewa. Kisanduku kisipoona alama ya mlango, kwa nini hakipigi kelele kwa tahadhari?"

Nilimkanyaga wifi mguu. Nilimkanyaga kweli, kwa kisigino. Kulikuwa na njia nyingi za kupita: angeweza kusema ni tabia ya mashine, au ndivyo zilivyo hizi programu, na hapakuwa na mtu ukumbini wa kumbishia.

"Kwa sababu mimi niliandika kichukulie mlango uko wazi," akasema. "Nilichoka na kelele za bure. Wakati ule haikuwa na madhara, alama ilikuwa inakuja kwanza. Lakini ni mimi niliyeandika, hakuna aliyenituma. Ningeandika kinyume chake, chanjo zingepona hata na vipima joto vipya."

Meneja aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi nilitazama ukuta.

"Kisanduku hikihiki kinaweza kurekebishwa?" mfamasia akauliza. "Maana kumbukumbu yake ndogo."

"Kinaweza. Hakihitaji kushika vipimo vyote vya kifurushi. Kishike kimoja tu kwa kila chumba, kile cha juu kabisa, mpaka alama ya mlango ifike. Mlango ukiwa wazi, kiachie. Ukiwa umefungwa, kilie. Na kifurushi kikifungwa bila alama yoyote, kilie vilevile, wapakuaji wanitukane."

Kamati iliandika uamuzi wake siku ileile, ukasomwa kwa sauti: hakuna kilichofutwa. Meneja alipewa onyo kwa kufunga vifaa bila ukaguzi na kwa kumtuhumu mfanyakazi hadharani bila ushahidi. Wifi alipewa onyo kwa programu yake, arudi kazini arekebishe.

Tulipofika nje ya geti nilishindwa kuvumilia. "Nani alikuomba? Ulikuwa umeshapona! Sasa una onyo kwenye faili, na limeandikwa jina letu."

"Umenivunja kidole, wifi."

"Ningejua ningekuvunja na cha pili."

Alisimama, akavua kiatu, akakisugua kidole. "Kesho narudi kukaa mbele ya kile kisanduku," akasema. "Nikiwaambia tatizo ni mashine, nitafungua programu nirekebishe nini? Itabidi nirekebishe kwa kuiba. Halafu yule," akaonyesha kwa kidevu dirisha la meneja, "angeona. Si mjinga yule. Angekaa na hilo mfukoni, na siku akitaka kunitoa angelitoa."

Sikuwa nimelifikiria. Nilitazama dirisha lile. Pazia lilikuwa limesogezwa kidogo, na nyuma yake kulikuwa na mtu. Mpaka leo simwamini meneja yule, na nimemwambia wifi asinywe chochote ofisini kwake. Onyo lile linaniuma bado. Lakini ni onyo la kosa, na mwenye kosa amelisema mwenyewe mbele ya waliomtuhumu, hakuna wa kuja kulichimbua baadaye. Hilo naweza kulisema sokoni, saluni na sebuleni kwangu bila kushusha sauti.

Asubuhi iliyofuata nilivaa gauni langu la vikao, nikamshika wifi mkono, naye anachechemea, tukapita katikati ya barabara mpaka kwenye geti la ghala. Watu walikuwa milangoni. Nilisalimia kila mmoja, na nilikwenda polepole, ili anayetaka kutazama atazame vizuri.